Jumapili Tulipofika kwa Domitila

Jirani yangu anachemsha chikichi leo. Tangu asubuhi moshi wa pipa lake unaingia kwangu dirishani, na ndani ya moshi ile harufu nzito ya mawese yanapoanza kujitenga na makapi. Nilikuwa nimeshika kitabu cha sala. Nimekifunga kabla ya kumaliza zaburi, na sidhani Mungu amekasirika. Katika umri huu sina tena nguvu ya kubishana na kumbukumbu. Ikija, naivutia kigoda, inakaa.

Wenzangu mliokulia ufuko huu wa kaskazini, kutoka Mwamgongo kuteremka hadi Kigoma mjini, mnapajua kwa Domi. Boti za abiria husimama pale. Juzi juzi utingo wa boti, kijana mwenye kofia aliyoigeuza nyuma, aliniuliza, "Bibi, unashukia kwa Domi?" Nikamwuliza huyo Domi alikuwa nani. Akajibu bila kufikiri, "Mama mmoja wa zamani, Bibi. Alikuwa anawapikia wavuvi chapati. Chapati zake zilikuwa balaa." Abiria wakacheka, nami nikacheka nao. Boti ilikuwa inayumba na magoti yalikuwa yananiuma. Nikaona hapo si mahali pa kuanza kufundisha.

Domi ni Domitila, na Domitila alikuwa mama yangu. Mahali pale hakupika chapati hata moja. Alifika jioni, na kesho yake jua halijapanda akafa.

Ilikuwa miaka ile ya watu kuvuka. Mitumbwi ilikuwa ikiteremka kutoka Burundi ikiambaa na ufuko, imejaa watu na magodoro na mbuzi, na wenyeji walikwisha kuzoea kuamka na kuwakuta watu wasiowajua wamekaa mchangani, wakingoja kuambiwa waende wapi. Tulifika na Baba, mimi na Mama tukiwa na homa sote wawili. Mimi nilikuwa mdogo wa kubebeka. Mwanamke mmoja alinifunga mgongoni akanipandisha mlimani, kwenye kijiji walikokusanywa wakimbizi waliotutangulia. Mama hakuweza kupanda. Mwenyeji mmoja, mjane aliyeitwa Mama Gervasi, alimlaza katika kibanda chake cha shambani, pale kijito kinapoingia ziwani, chini ya michikichi. Alipokufa, mjane huyo alimwosha, akatoa kipande cha shamba lake, na mwanawe Gervasi akachimba kaburi. Baba alikuwepo. Mimi sikuwepo, wala sikuambiwa.

Kwetu mtoto mwenye homa haambiwi habari ya kifo. Wazee walisema habari hiyo inaweza kumshika mkono ikaondoka naye. Basi Baba akaniambia kwamba Mama anauguzwa na wenyeji huko chini, kwamba ugonjwa wake unaambukiza watoto, na kwamba akipona atapanda. Homa yangu ilipoisha neno lilikuwa limekwisha kuwa gumu. Nimefundisha watoto katekisimu miaka mingi, nimewaona wazazi wakiahirisha maneno mepesi kuliko hilo. Simlaumu. Alikuwa mtu aliyechoka. Mchana alilima vibarua kwenye mashamba ya watu, jioni alipika ugali wetu, na baada ya kula alikaa akiitazama mikono yake kama vyombo alivyoazima, ambavyo hajui atavirudisha lini.

Huku nyuma, kule ufukoni watu walikwisha kupata namna ya kupaita mahali pale. Majina ya upande ule yalizaliwa hivyo. Hakuna aliyekaa akayatunga. Mtu alipanda mti, au aliangusha mzigo, au alizikwa, na wengine wakahitaji neno la kumwelekezea mwenzao njia. Wavuvi waliokuwa wakianika dagaa karibu na kaburi la mgeni wakaanza kusema kwa Domitila, na neno hilo likapanda mlima ukweli ukiwa bado chini.

Nililisikia mara ya kwanza kisimani. Mwanamke mmoja alimwuliza mwenzake, "Dagaa hawa umewatoa wapi?" Akajibiwa, "Kwa Domitila. Leo wako tele." Ndoo nusura inianguke. Siku nyingine nikasikia wavuvi wakisimulia jinsi mvua ilivyowakuta ziwani, wakakimbilia kwa Domitila, wakajificha mpaka ikakatika. Mwingine alikuwa amesahau nyavu zake kwa Domitila. Mwingine alisema kwa Domitila maji yametulia, hakuna mawimbi.

Akili yangu ya kitoto iliyakusanya yote hayo ikajenga nyumba. Mama amepona. Tena mambo yake yamenyooka: ana paa pana lisilovuja, ana dagaa, ana ua mkubwa wa watu kuacha nyavu. Nilimwona kabisa, amejifunga kanga kiunoni, anawafukuza kuku kwenye dagaa wa wageni. Kitu kimoja tu sikukielewa. Anawapokea watu wote, hata wasiomjua. Mbona mimi hanifuati? Niliwaonea wivu wavuvi. Nilijichunguza dhambi zangu, maana tulikuwa tumeanza kufundishwa habari za dhambi, nikaona ndogo ndogo nyingi, lakini hakuna iliyotosha kumzuia mama kupanda mlima. Baba sikumwuliza. Kila nilipomtaja Mama alisimama akaenda kutafuta kuni, hata kama kuni zilikuwepo.

Nikamgeukia Gervasi, yule mwana wa mjane. Yeye alikuwa mvuvi, mtu wa mabega mapana na mdomo usiotulia. Siku za soko alipita kijijini kwetu na kapu la dagaa begani, akielekea Kalinzi kuwauzia watu wa kahawa, na njia nzima aliwatania wanawake.

"Nunueni hapa hapa, mama zangu! Mnangoja nifike Kalinzi wanisifu wao?"

"Dagaa wako mchanga mtupu, Gervasi."

"Mchanga ni nyongeza, sijakulipisha."

Nilimsubiri mahali njia inapopinda. "Shikamoo."

"Marahaba, kadogo. Unataka dagaa?"

"Unatoka kwa Domitila?"

"Hapo hapo. Ndilo shamba letu."

"Ukirudi, nisalimie Mama."

"Mama yupi?"

"Domitila."

Alilitua kapu. Alinitazama, akatazama nyumba yetu pale juu, akanitazama tena. Kwa mara ya kwanza nilimwona Gervasi akitafuta neno. "Wewe ni wa yule Mrundi mrefu? Yule anayelima kwa mwenyekiti?" Nikasema ndiyo. Akalibeba kapu lake. "Haya. Nitamsalimia."

Siku ya soko iliyofuata nilikuwa pale pale. "Amesemaje?"

"Amesema..." Alikohoa. "Amesema umtii baba yako."

Tangu hapo Gervasi alikuwa njia yangu. Nilituma salamu zikashuka, majibu yakapanda. Mama amesema nisivuke kijito mvua ikinyesha. Mama amesema nijifunze sala zote, hata ile ndefu. Mara moja aliniambia, "Mama yako amesema unyolewe, una chawa."

"Amejuaje nina chawa?"

"Mama zenu wanajua kila kitu. Nenda kanyolewe."

Nilinyolewa siku hiyo hiyo. Baba alishangaa mtoto anayeomba wembe mwenyewe, lakini hakuwa na nguvu ya kuuliza.

Parokia yetu wakati huo ilipata padre mpya, mtu mpole, mwenye miguu iliyovimba na kofia ya majani. Alikuta mambo yamevurugika. Wakimbizi walikuwa wakipaita mahali kwa majina yao, wenyeji kwa yao, wafanyabiashara wa Ujiji kwa yao. Ikatokea siku moja aliitwa kumpaka mgonjwa mafuta matakatifu, akaelekezwa kwa jina ambalo kumbe lilikuwa la bonde jingine, akapanda na kushuka mchana kutwa, na alipofika mgonjwa alikuwa amekwisha kufunikwa. Jumapili, kwenye mahubiri, alisema: "Nimechoka kuwakosa watu. Tutaandika majina ya mahali pote ndani ya parokia hii, na kila jina limetoka wapi."

Kazi hiyo akamkabidhi katekista wetu, Anselmi, Muha wa pale pale, mwenye sauti kubwa na mapenzi ya utaratibu. Na utaratibu wenyewe ulikuwa huu: jina haliandikwi ofisini. Linasemewa mahali pake. Baada ya Misa waamini wataandamana wakiimba litania ya watakatifu, wakifika mahali watasimama, na mtu anayehusika na mahali hapo ataeleza mbele ya majirani kwa nini panaitwa hivyo. Mwenye kupinga apinge hapo hapo. Wakikubaliana, Anselmi anaandika, padre ananyunyiza maji ya baraka, safari inaendelea. Anselmi aliwatangaza wasemaji mapema, kila mmoja na mahali pake. Kwa Domitila, msemaji alikuwa Baba. Aliposikia aliinamisha kichwa. Mimi nilidhani anaona haya kwa furaha.

Lakini Jumapili ile haikuwa zamu ya kwa Domitila. Ilipangwa tuishie kwa Mshona, na kwa Domitila iachiwe Jumapili nyingine. Ndiyo maana Baba aliniruhusu niende na watoto wa kwaya. Nadhani alikusudia kuniambia katikati ya juma. Namjua, angekusudia tena juma lililofuata.

Tulianzia Rufunzo, mahali pa mafunjo, ambapo bibi mmoja alisema panaitwa hivyo kwa sababu pana mafunjo, akakaa. Watu wakacheka, Anselmi akaandika. Tukapita kwenye jiwe ambapo zamani wabeba chumvi kutoka Uvinza walitua mizigo. Mabishano yakawa marefu: wengine walisema si chumvi, ni majembe. Padre alikaa juu ya jiwe lenyewe akikanda miguu yake mpaka wakakubaliana chumvi. Jua lilikuwa kali. Wimbo wa litania ulianza kwa nguvu kanisani, na kufikia hapo ilibaki "utuombee" tu, watakatifu wenyewe tukiwataja kwa midomo mikavu.

Kwa Mshona tulimkuta Mshona mwenyewe. Hilo liliniingia sana. Alikuwa mzee wa Kiislamu kutoka Ujiji, babu zake watu wa pwani, amekaa barazani na cherehani yake kama kawaida, wajukuu wamemzunguka.

"Karibuni, karibuni," alisema. "Lakini Anselmi, mimi unaniandika kwenye daftari la kanisa? Nisije nikaamka kesho naitwa Petro!"

"Tunaandika mahali, Mzee, si mtu."

"Na mahali msipabatize! Hayo maji nyunyizieni upande ule wa mbuzi, mbuzi wangu hawana dini."

Hata padre alicheka mpaka akaondoa miwani. Tulipewa maji ya mtungi, na mimi nilikunywa nikitazama nyumba ile. Mahali panaitwa kwa Mshona, na Mshona yupo, ana baraza, ana mtungi, anatania wageni. Basi ndivyo ilivyo. Tukifika kwa Domitila tutamkuta hivyo hivyo, na Anselmi atamwandika, na yeye atatoka mlangoni akijifuta mikono.

Ndipo padre aliposimama, akatazama njia inayoteremka ziwani. "Miguu yangu haitakubali kurudi huku juma lijalo," alisema. "Tumekaribia. Tumalizie na kwa Domitila, kisha twende tukapumzike."

Nilishindwa kujizuia nikapiga vigelegele. Watoto wakanicheka. Baba alikuwa amekwisha kufika ubavuni kwangu, akanishika mkono.

"Turudi nyumbani, mwananje," alisema kwa Kirundi chetu, mwanangu. "Umechoka."

"Sijachoka, Baba."

"Mimi nimechoka."

Anselmi aliona. "Unakwenda wapi, ndugu yangu? Wewe ndiye msemaji wa kule. Ukiondoka, tunaandika nini?"

"Jumapili nyingine, Anselmi. Naomba."

"Padre amesema leo. Hata yeye miguu imemvimba, mwone."

Baba hakuwa mtu wa kubishana na wenyeji mbele ya watu. Mkimbizi hujifunza hilo mapema kuliko kitu kingine chochote. Tuliteremka. Alinishika mkono kwa nguvu mpaka vidole vikaniuma, na mimi nilikuwa namvuta kama mbuzi anayeona majani. Nilimwambia mambo mengi njiani. Nilimwambia kwamba sasa najua sala ile ndefu yote, na kwamba Mama ataona nimenyolewa. Mara moja alifungua mdomo, lakini nyuma yetu watu walikuwa wanaimba "utuombee", akaufunga.

Pale chini palikuwa na michikichi, na kijito, na nyavu za dagaa zilizotandazwa mchangani. Kibanda kimoja cha shambani, kimeegemea upande. Kati ya kibanda na maji palikuwa na mawe ya mviringo ya ziwani yaliyopangwa kwa kufuatana, na ardhi kuzunguka imefagiliwa. Mama Gervasi alikuwa amesimama hapo na ufagio wake mkononi. Aliposikia padre amebadili mpango, alikuwa ametangulia kupasafisha. Mimi niliangaza macho kutafuta nyumba.

Anselmi alifungua daftari. "Tumefika kwa Domitila. Kuna mwenye neno kabla msemaji hajasema?"

"Mimi ninalo," alisema Gervasi, akajitokeza mbele. Siku hiyo hakuwa na utani. "Shikamoo, Padre. Nisamehewe. Shamba hili ni la marehemu baba yangu. Watu wakisema kwa Domitila midomoni, sina neno, midomo ni yao. Lakini likiandikwa kanisani ni jambo jingine. Mimi nikifa, wajukuu zangu wataonyeshwa karatasi kwamba mahali hapa ni pa mgeni, na wao watafute pengine pa kulima. Andikeni Mchikichini. Michikichi hii alipanda baba."

Watu wakanung'unika, wenyeji wengine wakatikisa vichwa kumkubali. Sitasema alikuwa mtu mbaya. Wakati ule watu walikuwa wakiingia kila siku, na kila aliyekuwa na shamba alihesabu mipaka yake kwa macho akiwa kitandani.

"Gervasi," alisema mama yake, "mimi ndiye niliyemwosha."

"Najua, Mama. Na mimi ndiye niliyechimba. Sijasema aondoke."

Padre akamgeukia Baba. "Wewe unasemaje?"

Baba alikuwa bado ameushika mkono wangu. "Gervasi amesema kweli," alisema taratibu. "Shamba ni lao. Walitupokea. Andikeni Mchikichini, Padre. Yaishe."

"Lakini utaratibu," alisema Anselmi, "lazima kwanza tusikie kwa nini watu wanapaita kwa Domitila, ndipo tulifute. Tueleze, ndugu yangu. Domitila ni nani, na hapa alifanya nini?"

Baba aliinamia mawe. Watu walimtazama, kisha mmoja mmoja wakaanza kunitazama mimi, na sauti zikapungua. Nilidhani wanangoja mwenye nyumba aitwe. Niliona wakubwa wote hawa wamekuja mahali pa mtu, wamesimama uwanjani kwake wanabishana, na hakuna hata mmoja aliyeonyesha adabu. Nikauchomoa mkono wangu. Nikasogea mpaka karibu na kile kibanda, nikasimama pale mgeni anaposimama, nikaita:

"Hodi!"

Majani ya michikichi yalikuwa yanagongana. Kijito kilikuwa kinapita. Nikaita tena, kwa sauti zaidi, maana huenda alikuwa nyuma, "Hodi hapa! Mama, hodi!"

Nyuma yangu nilisikia mwanamke akianza kulia na mwingine akimnyamazisha. Niligeuka. Baba alikuwa amefunika uso kwa mikono yote miwili. Padre alikuwa ameshika kofia kifuani. Watu wote wale, na hakuna aliyenijibu, na mtoto anajua kwamba hodi isipojibiwa huingii, unabaki nje. Nilivuta pumzi niite tena.

"Karibu," alisema mtu.

Alikuwa Gervasi. Alikuja polepole, mikono imening'inia, akachuchumaa mbele yangu mpaka macho yetu yakalingana. "Karibu, mwana wa Domitila. Ndipo hapa."

"Yuko wapi?"

Hakutazama pembeni. Nimekutana na wahubiri wengi tangu siku hiyo, na wachache tu waliweza kusema neno zito bila kutazama pembeni. "Yuko chini ya mawe yale," alisema. "Mama yako alikufa, kadogo. Asubuhi ile baada ya kufika kwenu. Mimi nilimchimbia."

Nilitazama mawe. Nilielewa, na sikuelewa. Nilichouliza kilikuwa kidogo, lakini ndicho kilichokuja. "Na salamu zangu?"

"Nilizifikisha." Aligusa mchanga kwa kiganja. "Hilo sikudanganya. Kila nikirudi kutoka Kalinzi natua kapu hapa, nasema, Domitila, mwanao anakusalimu. Zote nilizifikisha. Majibu ndiyo niliyoyatunga mwenyewe."

"Hata ya chawa?"

"Hata ya chawa. Niliwaona mwenyewe."

Nikalia hapo, na alinishika kwa mikono yake yenye magamba ya samaki mpaka Mama Gervasi alipokuja kunichukua. Kisha Gervasi alisimama. Hakumtazama mtu. "Anselmi," alisema, "andika."

"Niandike nini? Mchikichini?"

"Nimekwisha kusema karibu. Sasa nitamtoa? Andika kama watu wanavyosema, kwa Domitila. Na andika kwamba shamba ni la Mama Gervasi. Yote mawili, uyaandike pamoja, nione kalamu inavyokwenda."

Hakujua kusoma, lakini alisimama nyuma ya bega la Anselmi mpaka kalamu ilipotulia. Anselmi akauliza kama kuna mwenye kupinga. Hakuna aliyepinga. Padre alinyunyiza maji juu ya mawe, kisha juu ya michikichi, akaanzisha sala ya marehemu, na watu wakaipokea kwa sauti za chini, wenyeji na sisi.

Namshukuru Mungu kwa mambo mengi ya miaka ile. Namshukuru kwa ufagio wa Mama Gervasi, na kwa mtu aliyejua kudanganya kwa huruma na akajua pia siku ya kuacha. Uchungu niliupata, sikatai, na ulikaa nami muda mrefu. Lakini kungoja kuliisha. Nadhani hata watoto huchoka kungoja, ila hawajui kwamba huko ni kuchoka.

Sala ilipokwisha, Baba alikuja akakaa chini kando ya mawe. Mimi nilikaa ubavuni kwake. Alitaka kuniambia kitu, alisema, "Mwananje, mimi..." kisha kichwa chake kikainama, na nilipomtazama alikuwa amelala. Alilala hivyo hivyo amekaa, mbele ya parokia nzima, halafu akateleza taratibu kwa ubavu mpaka shavu likagusa mchanga. Tangu tushuke kwenye mtumbwi sikuwahi kumwona amelala kabla yangu. Anselmi alitaka kumwamsha, maandamano yalikuwa yanaondoka. Mama Gervasi akaweka kidole mdomoni mwake kumnyamazisha. Wakaondoka wakiimba polepole, na padre akiwaashiria kwa kofia wapunguze sauti zaidi.

Gervasi alikata jani la mchikichi akanipa. Nilimfukuzia Baba nzi usoni mpaka kivuli cha michikichi kikatufikia, kikatupita, kikaanza kupanda mlima, na hakuna aliyekuja kutuambia tuondoke.